Jinsi ya Kuchagua Probiotiki kwa Tumbo Linalojaa Gesi: Mwongozo Kamili

Anayekwenda kununua probiotiki, yaani bidhaa yenye vijidudu hai, ili kutuliza tumbo linalojaa gesi huvutwa kwanza na namba kubwa zilizoandikwa mbele ya chupa: bilioni 10, bilioni 50, hata bilioni 100 za vijidudu hai. Namba hizo ndizo zinazouza bidhaa, lakini sizo zinazoamua kama tumbo litatulia. Kinachoamua ni vijidudu gani hasa vimo ndani, kama viliwahi kujaribiwa kwa watu wenye tatizo linalofanana na lako, na kama bado viko hai siku unayovimeza. Mwongozo huu unaanzia mbali kidogo na rafu ya duka la dawa, kwa sababu fedha nyingi inayopotea kwa bidhaa hizi hupotea kwa kutibu jambo ambalo probiotiki haiwezi kuligusa.

Hatua ya 1: Jiridhishe kwamba tatizo lenyewe ni la kujaribiwa kwa probiotiki

Tumbo kujaa ni dalili, na dalili hiyo ina vyanzo vingi. Zipo ishara zinazohitaji daktari mapema, na hapa haifai kujaribu kidonge chochote kwanza: kupungua uzito bila kukusudia, damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, upungufu wa damu, homa, kutapika mara kwa mara, shida ya kumeza, maumivu yanayokuamsha usiku, au mabadiliko ya choo yanayoanza ukubwani na kuendelea kwa wiki kadhaa. Mwanamke aliyevuka miaka 50 ambaye tumbo lake limeanza kujaa karibu kila siku, au anayeshiba baada ya matonge machache tu, anapaswa kumwona daktari hata kama hana maumivu, kwa kuwa saratani ya ovari mara nyingi hujitokeza kwa dalili za namna hiyo na huchukuliwa kimakosa kuwa ni matatizo ya kawaida ya tumbo.

Baada ya hayo, angalia vyanzo vya kila siku. Cha kwanza ni laktosi, sukari iliyomo kwenye maziwa. Watu wazima wengi duniani hupungukiwa na kimeng'enya cha kuivunja, hivyo sukari hiyo hufika kwenye utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria waliomo huichachusha, na mchachuko huo hutoa haidrojeni, kaboni dioksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Acha maziwa mabichi na ya kuchemsha kwa wiki mbili, kisha yarudishe na uone kinachotokea. Ikiwa jibu liko hapo, huenda huhitaji kapsuli kabisa: mtindi wenye bakteria hai husaidia kumeng'enya laktosi iliyomo ndani yake, na faida hiyo ni mojawapo ya chache sana ambazo Umoja wa Ulaya umeruhusu zitangazwe kwa bakteria hai, kwa sharti kwamba kila gramu ya mtindi iwe na angalau bakteria milioni 100 wa aina zinazouchachusha.

Cha pili ni kufunga choo. Choo kinachokaa muda mrefu kwenye utumbo mpana huendelea kuchachuka na huzuia gesi kupita. Ni vigumu kujua kama probiotiki inasaidia au haisaidii wakati njia yenyewe imeziba. Rekebisha choo kwanza, kwa maji, mwendo wa mwili na nyuzinyuzi zinazoongezwa polepole, au kwa dawa ambayo mfamasia ataishauri. Cha tatu ni hewa na sukari tunazoingiza wenyewe, kama vile vinywaji vyenye gesi, bigijii, kula kwa haraka, na peremende zisizo na sukari zilizotiwa vitamu mbadala kama sorbitoli au manitoli. Dawa pia zimo: metformini (dawa ya kisukari), vidonge vya madini ya chuma na dawa kali za maumivu zenye asili ya afyuni huvuruga tumbo la watu wengi. Usiache dawa uliyoandikiwa, mweleze aliyekuandikia.

Ngano inahitaji angalizo la pekee. Wengi huiacha wenyewe mara tu wanapohisi nafuu, na baadaye hushindwa kupata jibu la uhakika kuhusu ugonjwa wa siliaki, ambapo kinga ya mwili huudhuru utumbo mtu anapokula ngano, kwa sababu vipimo vyake hutegemea mgonjwa awe bado anakula ngano. Pima kwanza, uache baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Kwa watu wengi wanaolalamikia tumbo kujaa, kiasi cha gesi kilichomo tumboni ni cha kawaida. Kinachozidi ni wepesi wa utumbo kuhisi mvutano, au mazoea ya mwili ambapo msuli wa kiwambo unaotenganisha kifua na tumbo hushuka wakati misuli ya mbele ya tumbo inalegea, na tumbo likasukumwa nje. Kwa hiyo ahadi ya "kuondoa gesi" inaweza kutimia bila tumbo kutulia, na tumbo linaweza kutulia bila gesi kupungua.

Hatua ya 2: Pima matarajio yako dhidi ya ushahidi

Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) walieleza probiotiki kuwa ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea faida ya kiafya anayevitumia. Sehemu ya "kiasi cha kutosha" na sehemu ya "faida" ndizo ngumu kuthibitisha. Vyama vya madaktari wa mfumo wa chakula havikubaliani kuhusu watu wenye tatizo la utumbo linaloitwa kwa kifupi IBS, yaani maumivu ya tumbo yanayojirudia pamoja na choo kuvurugika, ambao ndio waliofanyiwa majaribio mengi yanayogusa tumbo kujaa. Chama kimoja kikuu cha Marekani kilishauri mwaka 2020 kwamba wagonjwa hao wapewe probiotiki ndani ya utafiti tu. Kingine cha nchi hiyohiyo, mwaka 2021, kilipendekeza zisitumike kwa dalili za IBS kwa jumla. Mwaka huohuo chama cha Uingereza kilisema zinaweza kusaidia dalili za jumla na maumivu, kwamba haiwezekani kupendekeza aina moja mahususi, na kwamba ni sawa mtu kujaribu kwa hadi wiki 12 kisha kuacha asipoona nafuu.

Wote hao walikuwa wakiangalia majaribio yaleyale kwa sehemu kubwa. Tofauti yao ni uzito walioupa udhaifu wa majaribio hayo: washiriki wachache, muda mfupi, bidhaa tofauti zikiunganishwa kana kwamba ni moja. Aidha, katika majaribio ya IBS karibu theluthi moja ya waliopewa kidonge kisicho na kitu nao huripoti nafuu. Maoni yangu ni kwamba mtu mzima mwenye afya ya kawaida hakosei kujaribu, mradi ajaribu bidhaa moja yenye ushahidi wake, kwa muda uliowekwa mapema, na kwa fedha ambayo haitamuuma ikipotea.

Hatua ya 3: Soma jina hadi mwisho wake

Jina kamili la probiotiki lina sehemu tatu: jenasi, spishi, na nasaba, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa namba au herufi. Katika Bifidobacterium longum 35624, namba hiyo ya mwisho ndiyo inayokuambia ni kizazi gani hasa cha bakteria kilichojaribiwa. Vizazi viwili vya spishi moja vinaweza kutofautiana katika namna vinavyostahimili asidi ya tumbo, vinavyoshikamana na ukuta wa utumbo, na vinavyozungumza na kinga ya mwili. Matokeo ya kimoja hayahamii kwa kingine kwa sababu tu majina mawili ya mwanzo yanafanana.

Kanuni ninayoitumia ni rahisi: lebo isiyotaja nasaba irudishwe rafuni. Vivyo hivyo lebo inayoorodhesha spishi kumi na mbili chini ya "mchanganyiko maalumu" na kutoa jumla moja ya bilioni kadhaa, bila kusema kila mmoja ana kiasi gani. Huwezi kulinganisha bidhaa hiyo na jaribio lolote, na aghalabu mtengenezaji anajua hilo.

Kwa tumbo kujaa na usumbufu unaoambatana nalo, nasaba mbili zinastahili kuangaliwa kwanza. Hiyo ya 35624, ambayo katika machapisho ya zamani huitwa Bifidobacterium infantis, ilijaribiwa kwa wanawake 362 wenye IBS katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, na katika dozi moja kati ya tatu ilipunguza maumivu, tumbo kujaa na matatizo ya choo kuliko kidonge kitupu. Ya pili ni Lactobacillus plantarum 299v: jaribio la mwaka 2012 lenye wagonjwa 214 wa IBS lilionyesha nafuu ya maumivu na ya tumbo kujaa baada ya wiki nne, ingawa jaribio jingine la baadaye halikuona tofauti na kidonge kitupu. Huo ndio ushahidi ulivyo hata kwa zile zilizo bora, na anayekueleza kwamba mambo ni meupe kabisa anauza kitu.

Nasaba nyingine maarufu zina sifa zao mahali pengine. Lacticaseibacillus rhamnosus GG na Saccharomyces boulardii CNCM I-745, ambaye ni hamira wala si bakteria, zimechunguzwa zaidi kwa kuhara, hasa kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Umaarufu huo hauzifanyi kuwa chaguo la kwanza kwa mtu ambaye choo chake ni cha kawaida na shida yake ni mkanda unaobana kila jioni.

Usishangae kukuta majina mawili kwa kitu kimoja. Mwaka 2020 wanasayansi waliligawanya kundi kubwa la Lactobacillus katika jenasi 25, hivyo Lactobacillus plantarum akawa Lactiplantibacillus plantarum na Lactobacillus reuteri akawa Limosilactobacillus reuteri. Bidhaa nyingi bado zimeandikwa kwa mtindo wa zamani. Namba ya nasaba haikubadilika, na hiyo ndiyo ya kuifuata.

Hatua ya 4: Dozi iliyojaribiwa, wala si dozi kubwa zaidi

Herufi CFU kwenye lebo huonyesha idadi ya vijidudu vilivyo hai kiasi cha kuweza kuzaliana na kuunda makundi vikioteshwa maabara. Swali la kuuliza ni kama idadi hiyo inalingana na ile iliyotumika katika jaribio la nasaba hiyo. Katika utafiti ule wa wanawake 362, dozi tatu zililinganishwa: milioni 1, milioni 100 na bilioni 10. Iliyofanya kazi ni ya kati. Watafiti walipoichunguza kapsuli ya bilioni 10 waligundua kwamba vilivyomo vilikuwa vimeshikana na kuwa donge gumu ambalo halikuyeyuka vizuri, kwa hiyo bakteria hawakuachiliwa ipasavyo. Sidhani kuna mfano bora wa kumwonyesha anayedhani bilioni 100 ni mara kumi ya bilioni 10 kwa manufaa.

Tazama pia idadi hiyo imeahidiwa lini. "Wakati wa kutengenezwa" maana yake ni kwamba walikuwa wengi kiasi hicho siku walipofungwa, na baada ya hapo wamekuwa wakifa rafuni. "Hadi tarehe ya mwisho wa matumizi" ni ahadi yenye thamani kubwa zaidi, hata kama namba yake ni ndogo.

Hatua ya 5: Geuza chupa usome viambato vingine

Hapa ndipo watu wenye tumbo jepesi hujiumiza bila kujua. Kapsuli na hasa unga wa pakiti mara nyingi hutiwa inulini, mizizi ya chikori, au sukari za mnyororo mfupi ziitwazo fruktoligosakaridi, ambazo kwa kifupi huandikwa FOS. Hizo ni prebiotiki, yaani chakula cha bakteria, na bidhaa yenye vyote viwili huitwa sinbiotiki. Kwa mtu asiye na shida ni nyongeza isiyo na madhara. Kwa mtu ambaye utumbo wake unalalamikia mchachuko, ni kumwaga mafuta kwenye moto alionuia kuuzima: sukari hizi huchachuka haraka sana na ni za kundi lilelile linaloondolewa katika mlo wa kutuliza IBS, pamoja na vitunguu, vitunguu saumu, ngano na kunde. Ni kweli kwamba kapsuli ndogo hubeba kiasi kidogo tu. Unga wa kukoroga unaweza kubeba gramu kadhaa.

Tafuta pia sorbitoli, manitoli, zilitoli na maltitoli, ambazo hupendwa na watengenezaji wa vidonge vya kutafuna na vya jeli, na tafuta laktosi, protini za maziwa au soya ikiwa una mzio. Probiotiki kwa jaribio lako la kwanza iwe na orodha fupi kadiri inavyowezekana. Iwapo ina vimeng'enya, mnanaa na tangawizi ndani yake, hata ukipata nafuu hutajua umeponywa na nini.

Hatua ya 6: Muuzaji, kifungashio na uhifadhi

Katika nchi nyingi bidhaa hizi huuzwa kama vyakula vya nyongeza na si dawa. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1994 haimlazimishi mtengenezaji kuthibitishia mamlaka kwamba bidhaa inafanya kazi kabla ya kuiuza. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2016 ulipima bidhaa 16 zenye bifidobakteria na kukuta moja tu ambayo vilivyomo vililingana kikamilifu na lebo yake. Alama ya ukaguzi wa chombo huru kama USP au NSF ina maana, lakini fahamu mipaka yake: inahusu kilichomo na usafi wake, haihusu kama kitakusaidia.

Mambo mengine ni ya kuangalia haraka. Pawepo namba ya toleo, tarehe ya mwisho, na jina la kampuni yenye anwani. Unyevu na joto ndivyo huua bakteria waliokaushwa, hivyo vidonge vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye karatasi ya madini huvumilia kuliko chupa inayofunguliwa kila siku. Bidhaa inayotakiwa kuwekwa kwenye jokofu isinunuliwe kwa muuzaji aliyeiweka juani, wala isiagizwe kwa usafiri wa siku nyingi za joto. Aina za Bacillus, kama vile Bacillus coagulans, hutengeneza vijimbegu vigumu vinavyovumilia joto vizuri zaidi. Ni faida ya uhifadhi, si ushahidi wa nafuu.

Hatua ya 7: Asiyepaswa kujaribu peke yake

Kwa mtu mzima mwenye afya, madhara ya kawaida ni gesi na miguno ya tumbo katika siku za mwanzo. Hali ni tofauti kabisa kwa mwenye kinga dhaifu sana, kwa mfano anayepata tiba ya saratani au aliyepandikizwa kiungo, kwa aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, kwa mgonjwa mahututi, na kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Kwao vijidudu hai vinaweza kuingia kwenye damu. Mwaka 2008 jaribio la Uholanzi lililowapa probiotiki wagonjwa 298 waliotarajiwa kuwa na uvimbe mkali wa kongosho liliishia na vifo vya asilimia 16 kwa waliopewa na asilimia 6 kwa wasiopewa. Neno "asilia" kwenye chupa halijibu hoja hiyo.

Mjamzito na anayenyonyesha amuulize mhudumu wake wa afya kwanza. Anayetumia antibiotiki atenganishe bakteria na dawa kwa angalau saa mbili, na anayetumia dawa za kuua kuvu asitumie Saccharomyces boulardii, kwa kuwa dawa hiyo itaiua.

Hatua ya 8: Fanya jaribio lenye mwanzo na mwisho

Kabla ya kumeza chochote, tumia wiki mbili kuandika. Kila usiku jipe alama kutoka 0 hadi 10 kwa tumbo kujaa na nyingine kwa maumivu, kisha andika umepata choo mara ngapi na kilikuwaje. Mwanamke anayepata hedhi aandike pia siku za mzunguko wake, kwa sababu tumbo hujaa zaidi karibu na hedhi, na wiki nzuri inayofuata baada yake inaweza kuipa probiotiki sifa isiyo yake. Kwa hiyo ni bora alinganishe wiki za mzunguko zinazofanana.

Amua mapema nafuu itakayokutosheleza. Watafiti wengi huhesabu kupungua kwa asilimia 30 kuwa ni mafanikio. Mtu ambaye wastani wake ni 7 atarajie kushuka hadi kwenye 5. Kisha anza bidhaa moja tu, kwa dozi iliyojaribiwa, kila siku, pamoja na chakula au muda mfupi kabla yake, kwa kuwa chakula hupunguza makali ya asidi ya tumbo. Usiikoroge kwenye kinywaji cha moto. Wakati huo usibadilishe mlo, usianze dawa mpya ya tumbo, wala usiongeze nyuzinyuzi.

Gesi ikiongezeka kidogo katika wiki ya kwanza, vumilia. Ikizidi au maumivu yakiwa makali, acha. Baada ya wiki nne linganisha wastani. Kama hakuna dalili yoyote ya mabadiliko, jaribio limekwisha. Kama kuna mwelekeo mzuri lakini hafifu, endelea hadi wiki 12 na si zaidi.

Ukipata nafuu, acha kwa makusudi kwa wiki mbili hadi nne huku ukiendelea kuandika alama. Bakteria hawa kwa kawaida hawaweki makazi ya kudumu. Hupita, na kwa watu wengi hutoweka ndani ya siku au wiki chache baada ya kidonge cha mwisho. Alama zikipanda tena, una sababu ya kununua chupa nyingine. Zikibaki chini, huna haja nayo kwa sasa. Ukikosa nafuu, unaweza kujaribu nasaba nyingine mara moja kwa utaratibu uleule; ikishindikana tena, fedha ya chupa ya tatu itumike kumwona mtaalamu wa lishe akuongoze katika mlo wa kupunguza sukari zinazochachuka, mlo ambao haufai kufanywa kwa kukisia kwani hatua ya kurudisha vyakula kimoja kimoja ndiyo inayoonyesha ni kipi hasa kinacholisumbua tumbo lako.